Kutafuta uraniamu kwenye mawe ya graniti: usiamini kila kelele ya mashine

Watu wengi wakisikia uraniamu wanafikiria ni kitu kinawaka kijani usiku kama taa ya disko, basi wananunua kale kamashine ka Geiger ka kupima mionzi mtandaoni wanaanza kupanda mawe. Wacha nikwambie mapema, graniti karibu yote iko na uraniamu kidogo. Ya kawaida iko na gramu 3 mpaka 5 hivi kwa tani, thoriamu mara tatu ama nne ya hiyo, na potasiamu ndio usiseme, na zote tatu zinatoa mionzi, kwa hivyo ukisimama juu ya jiwe lolote kubwa pale Maragoli, magharibi mwa Kenya, mashine itapiga tu. Hiyo si dili. Kazi yako ni kujua hapo inapigaga aje siku zote, halafu utafute mahali imekataa kufuata hiyo.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa kijana wa kubeba mizigo ya jiolojisti mmoja hapo Maragoli, akaniachia skintilometa, mashine ya kupima mionzi, nitembee nayo kidogo, nikaingia kwa mwanya kati ya mawe mawili, kila moja kubwa kuliko gari la matatu, namba ikaruka kutoka 180 kwa sekunde mpaka 300 na kitu. Nikapiga nduru mpaka watoto wakatoka kwa mashamba. Mzee akaja polepole, hakuniuliza kitu, akaniambia, "Toka hapo, panda juu ya hilo hilo jiwe." Nikapanda. 180. Kumbe ukiwa mahali tambarare mionzi inakuja kutoka chini tu, lakini ndani ya mwanya jiwe liko kushoto, kulia na nyuma yako, lazima namba ipande karibu mara mbili. Tangu siku hiyo nikipata namba kubwa kwanza naangalia nimesimama wapi.

Mashine yenyewe: Geiger ni ya kukulinda wewe, kwa utafutaji iko slow sana. Skintilometa ndio ya kutembea nayo, iko na kristali ndani inayoshika mionzi haraka. Ukiweza kupata spektrometa ya kubeba mkononi hiyo ndio mama yao, kwa sababu inatenganisha potasiamu, thoriamu na uraniamu kila moja na namba yake. Apu za simu wachana nazo.

Na hiyo kutenganisha si anasa. Nenda Ruri ama Homa Hills upande wa Homa Bay, kule si graniti, ni kabonatiti, mawe ya volkano ya ajabu, na skintilometa inalia vizuri kabisa, lakini sehemu kubwa ya kelele inatoka kwa thoriamu. Mtu asiye na spektrometa anaweza kutangaza utajiri hapo jioni. Kwenye graniti angalia uwiano: uraniamu ikipanda na thoriamu ikabaki pale pale, hapo sasa unaweza kukaa chini ufikirie.

Kila asubuhi kabla ya kuanza chagua jiwe moja karibu na kambi, weka alama na rangi, pima hapo, pima tena saa sita na jioni. Ikiwa jiwe lako la alama limebadilika, si jiwe, ni mashine ama hewa. Huku kwetu shida kubwa ni mvua ya alasiri, unajua vile Kakamega inanyeshanga ukimaliza tu lunch, na mvua inaposhuka inabeba vumbi la radoni (gesi ya mionzi inayozaliwa na uraniamu) kutoka hewani inalimwaga chini, namba zinapanda kisha ndani ya masaa machache zinashuka zenyewe. Baadaye tena udongo uliolowa maji unazuia mionzi, namba zinaenda chini kuliko kawaida. Kwa hivyo kazi ya kupima ni asubuhi, mvua ikianza funga mashine ukunywe chai.

Kutembea, usifuate njia ya ng'ombe. Chora laini kwa jipiesi zinazokata mipasuko ya mwamba, mita 100 kati ya laini na laini inatosha kuanza, ukipata kitu unabana mpaka 25 ama 10. Mipasuko ndio muhimu kwa sababu uraniamu inapenda kusafiri na maji, na maji yanapita kwa nyufa. Angalia graniti iliyogeuka nyekundu kando ya ufa, kwotzi iliyokuwa nyeusi kama moshi (mionzi inaweza kuifanya hivyo, ingawa si lazima iwe ni uraniamu), na graniti iliyotobokatoboka kama mandazi iliyoiva vibaya kwa sababu kwotzi imeyeyuka ikaondoka. Hiyo ya mwisho ndio walikuwa wanaifuatilia sana Limousin kule Ufaransa. Ukiona ukoko wa manjano kwa ufa, subiri usiku umulike na tochi ya UV, otunaiti, madini ya uraniamu, inang'aa kijani-manjano kali. Lakini hata laikeni, vile viraka vinavyoota juu ya mawe, zingine zinang'aa, kwa hivyo kwaruza kwanza.

Sasa hapa ndio watu wengi wanapotea. Mashine haisikii uraniamu yenyewe, inasikia mjukuu wake, bismuthi 214, inayozaliwa uraniamu ikivunjika polepole. Maji ya mvua yanaweza kuchukua babu, yaani uraniamu, yakaenda naye na kuacha wajukuu hapo wakipiga kelele, unachimba hupati mtu. Na huko chini kwa kinamasi ambapo babu amehamia juzi, wajukuu hawajazaliwa bado, mashine iko kimya kabisa na uraniamu iko hapo. Ndio maana kwenye nchi ya graniti huishii kwa mawe, unafuata maji mpaka yanapolala. Jirani zetu Tanzania, pale Bahi na Manyoni, uraniamu iko kwa mabonde na mbuga zilizozungukwa na graniti, si juu ya vilima. Chukua sampo za mchanga wa mito, tope jeusi la kinamasi, na maji ya visima.

Tena mionzi haipiti udongo wa nusu mita hivi, na huku udongo mwekundu unaweza kuwa mita kadhaa. Kwa hivyo penda vichuguu. Mchwa wanachimba chini sana wanapandisha udongo juu bure, na wewe unachota tu kwa mfuko.

Mambo ya watu usifanye mchezo nayo. Ukionekana na mashine kila mtu anajua ni dhahabu. Pita kwa chifu, pita kwa liguru (mzee wa mtaa), omba mwenye shamba, kaa chini na dani (nyanya) aliye nje ya nyumba yake umweleze hadi aelewe, maana yeye ndio atakuambia kisima gani maji yake yalikuwa na shida. Kit Mikayi, yale mawe makubwa kule Seme, usiende na nyundo kabisa, watu wanaomba pale. Na sheria: madini ya Kenya ni ya umma hata yakiwa chini ya mahindi yako, Sheria ya Madini ya 2016 inataka leseni ya utafutaji, na madini ya mionzi yanahesabiwa ya kimkakati, serikali inayashika kwa mkono wake. Ukitembea bila karatasi unaweza kulala ndani.

Usalama ni vumbi zaidi kuliko jiwe. Usivunje mawe bila maski, usile na mikono hiyo, na sampo kali usizihifadhi chini ya kitanda kwa sababu radoni inajaa kwa chumba kilichofungwa. Ziweke kwa stoo ya nje yenye hewa, andika namba kwa mfuko na ndani ya mfuko pia, maana wino unafutika.

Ukipata sehemu iliyopita majaribio yote, chimba mtaro unaokata ufa, upime kuta zake kila nusu mita, lakini kumbuka ule mwanya wangu wa Maragoli, ndani ya mtaro namba zote zitakuwa juu. Chukua sampo za ukutani upeleke maabara na uwaambie wapime uraniamu na thoriamu kwa asidi nne, asidi nyepesi inaacha zingine ndani ya jiwe. Mgodi wa Rössing huko Namibia wamekuwa wakichimba tangu 1976 mwamba wa jamii ya graniti wenye gramu kama 300 tu kwa tani, lakini ni mwingi ajabu. Wewe ukipata 300 kwa jiwe moja bado hujapata mgodi, umepata jiwe.