Somo: Kupunguza msongo kazini kwa kuanzia kwenye kazi yenyewe

Mtu akielemewa kazini huambiwa apumzike na alale mapema. Ni ushauri mzuri, ila kesho yake mzigo anaukuta palepale. Mwaka 1979 mtafiti wa masuala ya kazi, Robert Karasek, alieleza kuwa kazi inayoumiza zaidi ni ile inayodai mengi huku anayeifanya hana kauli juu ya namna ya kuifanya. Hapo ndipo pa kuanzia.

Hatua ya 1: Kwa wiki moja, andika kila unapohisi kifua kinabana au hasira inapanda. Ilikuwa saa ngapi, na ulikuwa unafanya nini? Usiandike "kazi nyingi". Andika "nimepewa ripoti saa tisa, inatakiwa saa kumi".

Hatua ya 2: Tenga unayoweza kuyabadili mwenyewe na yanayomhitaji bosi. Ya kwanza yaanze leo, kwa mfano kuzima milio ya simu unapofanya kazi inayohitaji utulivu wa akili.

Hatua ya 3: Hii ndiyo ngumu, na ndiyo yenye faida kubwa. Nenda kwa bosi na orodha mkononi, umwulize: "Kazi hizi tatu zote ni za Ijumaa. Ipi itangulie, ipi isogezwe?" Kupanga kipaumbele ni jukumu lake, usilibebe peke yako. Mkikubaliana, mtumie ujumbe mfupi wa kuthibitisha, maana ya mdomo husahaulika.

Hatua ya 4: Toka kwa wakati. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza kuwa wanaofanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki wana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa takriban asilimia 35 kuliko wa saa 35 hadi 40.

Maswali ya wanachama

Swali: Kwa hiyo mazoezi ya kupumua hayana maana?
Jibu: Yanayo. Toa pumzi taratibu, kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, na mapigo ya moyo yatapungua. Fanya hivyo kabla ya kuingia kwa bosi.

Swali: Na kama bosi mwenyewe ndiye chanzo?
Jibu: Weka kumbukumbu zenye tarehe, kisha uzipeleke kwa afisa rasilimali watu au chama cha wafanyakazi. Usiende peke yako ukiweza kupata mwenzako anayepitia hayohayo.

Swali: Nitajuaje nimefika pabaya?
Jibu: Uchovu usioisha hata baada ya likizo, kuichukia kazi uliyoipenda, kuona hufanyi lolote la maana. Ukiyaona yote matatu, mwone daktari au mshauri nasaha. Ukianza kuwaza kujidhuru, mwambie mtu leo hii.