Ndege wa vuli Malindi: wikendi inayopangwa na maji

Wikendi ichaguliwe na bamvua, yaani siku maji yanapojaa na kupwa sana. Kuanzia Septemba ndege wa kaskazini ya mbali wanakuwa wameshateremka, na kufikia Oktoba kusi imelegea. Chukua Jumamosi iliyo karibu na tarehe 1 au 15 ya mwezi wa Kiislamu. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa saa nne asubuhi: asubuhi unapata msitu, alasiri ufuo. Wakati wa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, hujaa saa nne asubuhi, na mpango huu wote unavurugika. Hakikisha kwa jedwali la maji, au muulize mvuvi.

Jumamosi, hori ya Mida. Saa nane mchana uwe kwenye kibanda cha mwisho wa daraja la mbao linalopita kwenye mikoko. Maji yakiwa yamekupwa ndege ni vidoa tu huko mbali; yakipanda huwasukuma kuja kwako. Tafuta mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu na mdomo mnene wa kuvunjia kaa (Dromas ardeola). Tope likishafunikwa wote huruka kwenda kupumzika, hivyo anayengoja maji yajae kabisa huona mikoko tu. Beba pesa taslimu za kiingilio; husaidia karo za watoto wa vijiji vya jirani.

Jumapili alfajiri, msitu wa Arabuko-Sokoke. Ingilia Gede mapema, uanzie kwenye miti ya mirihi (Brachystegia) ya mchanga mweupe. Ndege hapo hutembea kwa makundi mchanganyiko: simama, sikiliza, usiwakimbilie. Jua likishakuwa kali msitu hunyamaza.

Alasiri, mlango wa mto Sabaki. Saa nane u nusu. Asubuhi jua linakupiga usoni, alasiri liko mgongoni. Heroe, shakwe na buabua hukaa kwenye fungu za mchanga. Mvua ikinyesha bara mto hufura na fungu huzama. Hapo usipoteze nauli. Kuna viboko na mamba: usikanyage maji, na ondoka kabla ya magharibi.

Maswali

*Mwalimu, darubini ya 10x42 si bora kuliko 8x42?*
Msituni hapana. Ya 10 hutetemeka zaidi mkononi na huona eneo dogo. Kwa Mida, afadhali kuongeza teleskopu yenye miguu mitatu.

*Vitwitwi wa mchangani, mdogo na mkubwa, nawatenganishaje?*
Dada, anza na mdomo. Wa mkubwa ni mrefu: ukiupima kutoka shina lake kurudi nyuma, unalipita jicho. Miguu yake huwa ya kijani-kijivu, ya mdogo myeusi zaidi. Ila tope hudanganya rangi ya miguu, kwa hiyo mdomo ndio hakimu.

*Bundi wa Sokoke naweza kumwita kwa sauti ya simu?*
Usifanye hivyo, kaka. Anaacha kuwinda ili alinde eneo lake. Mchana hulala kwenye vichaka vya udongo mwekundu. Chukua kiongozi wa msitu, mwambie jana yake. Na kama kumenyesha, uliza njia kwanza, maana udongo ule ukilowa hata pikipiki huteleza.