SOMO: Vakyumu imekwama na plazma haiwaki? Pima kwanza kabla hujatafuta tundu

Assalaam aleikum. Wiki hii nimeulizwa mara sita kwa nini chemba ya fyusa "inavuja". Naandika mara moja, atakayeuliza tena nitamleta hapa.

Fyusa ni mashine ya kugonganisha ioni (atomi zenye chaji) hadi ziungane, yaani fyusheni. Yangu ni ya maonyesho: nawasha plazma tu, yaani gesi inayong'aa kwa umeme, kwa hewa ya kawaida, haitoi nyutroni. Muundo ni ule wa Farnsworth na Hirsch wa miaka ya 1960, chemba ya chuma yenye wavu wa waya katikati uliotiwa volteji hasi, ioni zikavutwa kwenda kati.

1. Vaa glavu, pangusa ndani kwa spiriti safi. Alama ya kidole ni mafuta, na mafuta hutoa mvuke siku nzima.

2. Oringi, ile pete ya mpira ya kuziba kiungo, ipake grisi ya vakyumu hadi ing'ae tu. Unywele mmoja ukilala juu yake, inavuja.

3. Pampu ya hatua mbili ya mafundi wa AC inatosha. Tia oili mpya.

4. Washa pampu, ngoja nusu saa, soma geji. Plazma nzuri utaipata kati ya mikroni 10 na 100 (ni kipimo cha presha; mikroni 1000 ni torr 1).

5. Imekwama juu ya hapo? Usishike spana. Funga valvu iliyo kati ya pampu na chemba, uandike geji inasoma ngapi kila nusu dakika, kwa dakika kumi.

Hatua hii niliiruka masika yaliyopita. Geji ilisimama mikroni 400, nikaamini ni tundu. Wiki mbili nzima nikafungua viungo vyote, nikabadilisha oringi zote, nikamlipa fundi achomelee upya flanji ambayo haikuwa na kosa lolote. Kumbe kila nikifungua naingiza hewa yetu hii ya pwani, na maji yaliyomo yanajipaka upya kwenye kuta za chemba. Siku ya mwisho nikainama kutazama kidirisha cha oili: nyeupe kama tui. Mvuke ulikuwa unabanwa ndani ya pampu, unageuka maji, unachanganyika na oili, halafu unarudi kama mvuke upande wa vakyumu. Pampu ilikuwa inazunguka na maji yake yale yale.

Ukichora namba zako za hatua ya 5 utaona moja kati ya mambo mawili. Mstari ukipanda moja kwa moja bila kupunguza mwendo, ni tundu, maana hewa ya nje ina torr 760 na haijali kama ndani mna mikroni 100 au 1000. Ukipanda kwa kasi kisha ukalegea na kulala, ni mvuke unaotoka ndani.

Kama ni mvuke: fungua skrubu ya balasti ya pampu (inaingiza hewa kidogo ili mvuke utoke nje), iache izunguke ikiwa moto nusu saa, mwaga oili, tia nyingine. Kisha pasha chemba kwa draya ya nywele huku pampu ikivuta, hadi mkono ushindwe kutulia juu ya chuma. Mimi nilikaa saa nne, geji ikashuka hadi 35. ONYO: kioo cha dirisha usikipashe upande mmoja, kitapasukia ndani. Vaa miwani ya kazi.

Kama ni tundu: zima volteji, chomoa waya ukutani, kisha dondosha spiriti kwa sindano kiungo kimoja kimoja. Geji ikishtuka, umepata. Spiriti na cheche havikai pamoja.

6. Chemba iwe na athi, yaani waya wa kwenda ardhini. Panda volteji pole pole, na baada ya kuzima gusisha fimbo ya athi kwenye waya kabla ya mkono wako.

MASWALI

Kijana_Kisauni: Kompresa ya friji kuukuu inafaa?
— Hapana. Soma hatua ya 3.

Kijana_Kisauni: Na transfoma ya maikrowevu? Ninayo bure.
— Usiiguse. Mkondo wake unaua mara moja, hakuna nafasi ya pili. Tafuta ya bango la neon iliyo na kikomo cha mkondo, na hata hiyo usiifanyie kazi ukiwa peke yako.

BintiMajengo: Shikamoo maalim. Yangu iliwaka vizuri zambarau, nikaendelea kuvuta, ikazimika. Transfoma imekufa?
— Marahaba mwanangu, umeuliza vizuri. Transfoma huenda ni nzima. Umevuta hewa mno: elektroni inasafiri bila kukutana na molekuli ya kutosha, hivyo inahitaji volteji kubwa zaidi kuwasha. Mwanafizikia Paschen aliipima tabia hii mwaka 1889. Rudisha hewa kidogo kwa valvu ya sindano, itawaka. Rangi pia isome: zambarau ya waridi ni naitrojeni, yaani hewa. Ikielekea wekundu, shuku haidrojeni kutoka kwenye maji. Weupe wa samawati, shuku mvuke wa oili.

Mzee_wa_Spana: Nataka kilovolti 40 nione fyusheni yenyewe.
— Nilisema yangu haifiki huko. Kwa volteji hizo eksirei zinapita kwenye dirisha la kioo, na ukitia dyuteri (haidrojeni nzito) unapata nyutroni. Anza na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia, si na mimi.

Mzee_wa_Spana: Nimeuliza tu.
— Nami nimekujibu. Mwenye watoto nyumbani asikie.

Fundi_Likoni: Kaka, jana stima ilipotea katikati ya kazi, leo chemba imejaa oili. Kosa liko wapi?
— Pole sana ndugu yangu. Pampu iliposimama, vakyumu ya chemba ikainyonya oili. Weka valvu ya solenoidi inayojifunga umeme ukikatika, kati ya pampu na chemba. Kwa sasa chemba ioshe kwa sabuni, maji moto, kisha spiriti mara mbili, na ule mpira wa bomba utupe, oili haitoki humo.

BintiMajengo: Solenoidi ya mashine ya kufulia itafaa?
— Haitafaa, ile inategemea presha ya maji kufunga. Tafuta inayofunga bila presha. Ukiipata, ipime peke yake kwa hatua ya 5 kabla hujaifunga kwenye chemba.