Lori Linakunywa Maji: Jua Yanakokwenda Kabla ya Kufungua Injini

Msimu wa korosho ukianza Oktoba, malori yanayoshuka na magunia kutoka Newala na Tandahimba hukutana njiani na ya saruji yanayokwenda Dar es Salaam na ya makaa ya mawe yanayotoka Ruvuma kupitia Tunduru na Masasi. Jua kali, mzigo mzito. Hapo ndipo rejeta iliyokuwa ikiongezewa lita moja kwa wiki inaanza kudai lita tano kwa safari. Dereva anaongeza, anaondoka. Fundi akiulizwa, jibu liko mdomoni: gasketi, kizibo chembamba kati ya bloku ya injini na silinda hedi iliyo juu yake. Silinda hedi inashushwa, pesa inatoka, na maji bado yanapungua, kumbe tatizo lilikuwa kwenye kompresa ya upepo, ile inayojaza upepo wa breki.

Mfumo wa kupoza injini umefungwa. Maji yakipungua yana njia tano tu: yamevuja nje, yameingia kwenye oili, yamepita kwenye silinda na kutoka na moshi, yamehamia kwenye upepo wa breki, au yamekwenda kwenye oili ya gia boksi kama lori lina ritada (breki ya ziada ya kwenye gia boksi) inayopozwa na maji ya injini. Tafuta njia kwanza, spana baadaye.

Anza kwa kupima upotevu wenyewe. Asubuhi, injini ikiwa baridi, jaza mpaka alama ya juu ya tenki la akiba na uandike kilomita. Kila unapoongeza, andika lita. Injini ya lori zito hubeba lita 30 hadi 50 hivi, kwa hiyo lita mbili zinaweza kupotea bila geji kusema lolote.

Uvujaji wa nje hutafutwa kwa pampu ya presha, siyo kwa macho peke yake. Soma presha iliyoandikwa kwenye mfuniko, funga pampu, sukuma mpaka kiwango hicho na usizidishe, kisha subiri dakika 20. Sindano ikishuka, zunguka na tochi: miisho ya hozpaipu, maungio ya tenki la plastiki na bati za rejeta, vizibo vya bloku, tundu dogo chini ya wota pampu (likidondosha, sili imekwisha), na mabomba ya hita ndani ya kabini. Mkeka wenye unyevu upande wa utingo mara nyingi ni hita. Fanya kipimo hiki alfajiri, kisha tena injini ikiwa na moto kiasi, kwa maana klipu iliyolegea huvuja chuma kikiwa kimenywea na kujiziba kikipata joto. Kulanti (dawa ya kupozea inayochanganywa na maji) yenye rangi huacha ukoko mahali ilipokaukia. Maji matupu hayaachi ushahidi mzuri. Jaribu na mfuniko wenyewe. Springi yake ikichoka hutapika maji mlimani, na ndicho kifaa cha bei ndogo kuliko vyote hapa.

Kama nje ni pakavu, nenda kwenye kompresa kabla ya kuituhumu gasketi. Kompresa nyingi za malori hupozwa na maji ya injini. Gasketi ya hedi yake ikitoboka, upepo unasukumwa ndani ya maji, tenki la akiba linatoa mapovu na kutapika, dalili zilezile za gasketi ya injini. Kuzitenganisha ni rahisi. Weka magogo kwenye matairi, washa injini, angalia mapovu wakati matenki ya upepo yanajaa. Geji ikifika mwisho na vali ikapumua, kompresa haisukumi tena. Mapovu yakikoma hapo, kisha yakarudi baada ya kukanyaga breki mara kadhaa mpaka ianze kujaza, mkosaji umempata. Fungua pia koki za chini za matenki ya upepo: kukitoka maji yenye rangi ya kulanti, hakuna haja ya kubishana.

Mapovu yasiyojali geji ya upepo ni gesi ya silinda. Injini baridi kabisa, mfuniko wazi, washa: mapovu ya mfululizo dakika za mwanzo, kabla thamostati (vali inayofungulia maji njia ya rejeta yakipata joto) haijafunguka, yanatoka kwenye gasketi, hedi iliyopasuka au slivu ya nozeli (ala inayoshika nozeli ya dizeli ndani ya hedi). Au funga mfuniko, ushike hozpaipu ya juu. Ikikakamaa ndani ya dakika moja au mbili wakati maji bado baridi, hiyo siyo presha ya joto. Kwenye injini za zamani zenye pampu ya kawaida, fundi hulegeza paipu za nozeli moja moja ili kujua ni silinda gani. Usithubutu kufanya hivyo kwenye komoni reli, mfumo wa dizeli wa presha kubwa. Presha yake inaweza kupita bar 1,500, na dizeli hiyo hupenya ngozi.

Sasa oili. Acha lori lilale, kisha legeza taratibu boliti ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) bila kuitoa. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yatatangulia kutoka. Ukiona oili kwenye kulanti kwanza, shuku oili kula, yaani kipoza oili: injini ikiwaka, presha ya oili inazidi ya maji, kwa hiyo oili ndiyo inayovuka. Ukiona maji kwenye sampu na kulanti ni safi, fikiria o-ringi (pete za mpira) za laina, ile ala ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, au laina iliyotobolewa. Laina hutoboka kwa upande wa maji: mtikiso wake hutengeneza vipovu vinavyopasuka juu ya chuma na kukila kidogo kidogo. Kulanti sahihi ina dawa ya kuzuia hilo, maji ya bomba hayana. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, usiwashe tena. Beringi za krenki hazitastahimili.

Moshi mweupe wenye harufu tamu, oili safi, hakuna mapovu? Kwenye injini yenye kipoza gesi ya ekzosi, kagua hicho. Na starta ikigonga kitu kigumu asubuhi, acha kuwasha. Huenda silinda imejaa maji usiku, na ukilazimisha unapinda koneksheni rodi.

Likikuchemshia katikati ya Nangurukuru na Lindi: kama maji yamemwagika, zima mara moja. Usidanganyike na geji iliyoshuka, sensa ikibaki hewani haisomi ukweli. Subiri karibu saa nzima kabla ya kugusa mfuniko, tumia kitambaa, zungusha kidogo kidogo. Maji baridi ndani ya injini ya moto hupasua hedi. Pilipili, unga na dawa za kuziba huziba kweli, pamoja na mirija ya rejeta na hita. Beba klipu za akiba, kipande cha hozpaipu na madumu mawili ya lita 20. Thamostati nayo usiitupe. Kwenye injini nyingi, bila hiyo sehemu ya maji huzunguka bila kupita rejeta.

Ukishatengeneza, changanya kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa madini. Watu husema huku kwetu hakuna baridi, kulanti ya nini? Chini ya mfuniko wa bar 1 mchanganyiko huo huchemka karibu na nyuzi 130, na huzuia kutu. Visima vingi vya pwani vina chumvi inayoacha magamba. Maji ya mvua ni bora, ila acha mvua ya kwanza ioshe bati. Lori la saruji, pulizia rejeta kwa upepo mkavu kutoka upande wa injini kabla ya kuiosha, la sivyo vumbi litagandia kwenye mapezi.

Jaza polepole, hita ikiwa kwenye moto, skrubu za kutolea hewa zikiwa wazi mpaka yatoke maji bila mapovu. Asubuhi ya pili huenda likadai lita moja au mbili za nafasi ya hewa iliyobaki. Likidai tena asubuhi ya tatu, rudisha pampu ya presha.