Namna ya kuandika historia ya shule ya bweni ya wavulana wazee wake wakiwa bado hai

Nimefundisha somo la historia kwenye shule za bweni za wavulana hapa Tanzania mpaka nikastaafu. Kila shule ikikaribia jubilei mambo huwa yale yale: kamati inaundwa, mpiga picha anaitwa, kijitabu kinatoka na orodha ya wakuu wa shule pamoja na picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Aliyelala kwenye mabweni yale akikifungua hajioni hata mara moja. Ukikabidhiwa kazi hii, tafadhali usiifanye hivyo.

Kwanza jiulize shule ilifunguliwa kwa ajili ya kijana gani. Tarehe utaipata tu. Hili la kijana ndilo linaloeleza tabia ya shule. Shule ya Tabora ilianzishwa na serikali ya Mwingereza miaka ya 1920 kwa ajili ya watoto wa machifu, kwa kuwa alitaka kutawala kupitia baba zao na baadaye kupitia wao wenyewe. Julius Nyerere, mtoto wa Mtemi Burito wa Wazanaki, alifika pale mwaka 1937. Alliance ya Kikuyu, Kenya, ilifunguliwa Machi 1, 1926 na misheni za Kiprotestanti zilizoungana, zikitafuta vijana wachache wa kuwasomesha zaidi ya pale shule zao zilipoishia. Starehe ya Nairobi ilianza mwaka 1959: Geoffrey Griffin, Joseph Gikubu na Geoffrey Geturo walipokea watoto wa mitaani na yatima kwenye vibanda viwili vya bati. Zote tatu ni za wavulana, zote za bweni, lakini hazifanani kabisa. Pale Starehe kulikuwa na baraza ambamo mwanafunzi alisimama mbele ya mkurugenzi na kueleza linalomkera. Mimi naona desturi kama hiyo huzaliwa pale watoto wanapokuwa hawana mtu mwingine wa kumlalamikia.

Mtafute pia mwanzilishi wa pili. Alliance ilikuwa na miaka kumi na minne tayari alipoingia Carey Francis, mwanahisabati aliyetoka Cambridge na kupitia shule ya Maseno. Aliiongoza kuanzia 1940 hadi 1962, na wazee wengi wakisimulia Alliance wanasimulia miaka yake. Kwenu naye yupo. Huenda hata hakuwa mkuu wa shule. Huenda alikuwa mwalimu wa zamu asiyechoka, au mlezi wa bweni.

Ukishajua hayo, omba kuingia stoo. Unatafuta logi buku (daftari la matukio ya shule), rejista ya uandikishaji, kitabu cha adhabu, na daftari la chakula. Rejista isome mstari kwa mstari, usikimbilie majina makubwa. Tazama kazi ya mzazi, kijiji alikotoka mtoto, tarehe ya kuondoka na sababu yake. Katika rejista moja niliyoisoma, pembeni ya baadhi ya majina kulikuwa na alama ndogo ya penseli. Mzee aliyewahi kuwa mtunza stoo ndiye aliyenifumbulia: hao ni vijana waliobaki shuleni wakati wa likizo kwa kukosa nauli ya treni. Nikamuuliza walikula nini. Akanitajia mke wa mwalimu mmoja aliyewapikia wote Krismasi, na wali ukapimwa kwa kikombe cha bati ili kila mmoja apate sawa. Ukurasa huo ndio uliosomwa kuliko yote katika kitabu chetu.

Kama shule yenu ilikuwa ya misheni, kumbuka kwamba serikali ilizichukua shule hizo kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969. Majina mengi yalibadilika, na karatasi zikagawanyika: za mwanzo ziko jimboni au dayosisi, za baadaye wizarani na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Andika barua ya maombi mapema. Na shule zisichanganywe: Mwalimu Nyerere alisoma Tabora ya serikali, lakini alifundisha St. Mary's, ya wamisionari, mji ule ule. Nimeona vijitabu vikizifanya shule moja.

Sasa wazee. Usianze na wenye vyeo. Anza na mpishi, mlinzi, dereva wa lori la shule, kwa sababu hao waliona vizazi vingi na hawana cha kujitetea. Nenda, toa shikamoo, kaa, zungumza habari za nyumbani. Simu ya kurekodi iombee ruhusa baadaye. Wanafunzi wa zamani wakutanishe wawili wawili wa mwaka mmoja, watasahihishana. Mkuu wa shule mstaafu mhoji peke yake, maana mbele yake hakuna atakayetaja viboko.

Ukiuliza "nidhamu ilikuwaje?" utajibiwa "ilikuwa nzuri sana." Uliza: kengele ilikuwa ya nini, kipande cha reli au rimu ya gari? Nani aliigonga? Ukichelewa prepu, yaani masomo ya jioni, ulifanywaje? Njuka, mwanafunzi mgeni, alifanyiwa nini usiku wa kwanza? Waliomwonea mtoto waandikwe kwamba walionea, bila majina. Bweni halikuwa paradiso, na waliolia mle wana haki ya kuikuta habari yao humo.

Tarehe usiziulize kwa namba. Uliza, "Ulikuwa kidato cha ngapi Azimio la Arusha lilipotangazwa?" au "Vita vya Kagera vilikukuta bado shuleni?" Hapo mzee anakupa mwaka bila kusumbuka, 1967 au 1978, nawe unaupeleleza kwenye rejista.

Unapoandika, panga sura kwa siku ya mwanafunzi: kuamka, usafi, mstarini, darasani, bwalo, michezo, prepu, taa kuzimwa. Wakuu wa shule wataingia wenyewe pale walipofanya jambo. Orodha yao iweke mwishoni kabisa.

Kabla ya kupeleka kitabu kiwandani kuchapwa, wasomee kwa sauti waliokusimulia, maana wengine macho hayaoni tena, na urekebishe wanachokataa. Nakala mbili ziende maktaba ya shule, moja Nyaraka za Taifa, na kila aliyehojiwa apewe yake bila kulipa, mpishi akiwa wa kwanza.