Somo: Kupima maji yanavyopita kwenye udongo ambao haujashiba

Hapa Mombasa nyumba nyingi zina kisima na choo cha shimo ndani ya ua mmoja. Kati ya sakafu ya choo na maji ya chini ya ardhi kuna udongo ambao haujashiba, yaani vitundu vyake vimebeba maji na hewa kwa pamoja. Tabaka hilo ndilo kinga ya anayekunywa. Maji yakipenya taratibu huku yamegandamana na chembe, vijidudu vingi hunaswa na kufa njiani. Yakiporomoka, vijidudu hufika kisimani vikiwa hai.

Ndiyo maana inaniuma kuona mtu akichimba kishimo, akimimina ndoo ya maji, akitazama saa, kisha akaandika kwamba "udongo umepimwa". Kilichopimwa hapo ni udongo ulioshiba. Henry Darcy, mhandisi Mfaransa aliyeweka kanuni ya maji yanavyopita kwenye mchanga, alipofanya majaribio yake Dijon, Ufaransa, yaliyochapishwa 1856, mchanga wake ulikuwa umejaa maji pomoni. Mwaka 1907 mwanafizikia Edgar Buckingham wa Marekani alionyesha kuwa udongo usioshiba hauna kasi moja ya kupitisha maji. Kasi inabadilika kadiri unyevu unavyobadilika. Udongo unapokauka, vitundu vikubwa ndivyo vinavyotangulia kutoka maji, na hivyo ndivyo vilivyokuwa vikipitisha maji mengi. Kasi hushuka mno, wala si kwa nusu au robo tu.

Chombo nitakachotumia ni infiltromita ndogo ya kisahani: mrija wa plastiki wenye vyumba viwili na kisahani cha chuma chenye vinyweleo chini yake, nusu kipenyo sm 2.25. Chumba cha juu hupanga mfyonzo, yaani maji hayasukumwi kuingia ardhini, bali udongo wenyewe ndio unaoyavuta.

Hatua ya 1: Mahali na wakati. Nenda asubuhi mapema. Jua la mchana hutanua hewa ndani ya mrija na kuharibu vipimo. Ondoa majani na mizizi, sawazisha bila kukandamiza.

Hatua ya 2: Mgusano. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika. Kisahani kikigusa udongo nusunusu, maji hupita upande mmoja tu. Tandika mchanga safi, laini, wenye unyevu kidogo, upana uleule wa kisahani na unene wa milimita chache. Usiuache utapakae nje ya ukingo, maana eneo la kupenya litaongezeka na hesabu itadanganya.

Hatua ya 3: Mfyonzo. Mfyonzo hupimwa kwa sentimita za maji. Sm 2 hufaa udongo mwingi. Kwa mchanga wa mitaa ya Nyali na Kisauni anza na 6, la sivyo chombo kitaisha maji kabla hujashika kalamu. Kwa mfinyanzi ulioshikana, 0.5. Kwenye sm 2, tundu lenye kipenyo kinachozidi takriban mm 1.5 halipitishi maji. Kwenye sm 6, takriban mm 0.5. Ukiweza, pima kwa mifyonzo miwili au mitatu, kila mmoja mahali pakavu papya kando ya pale pa mwanzo.

Hatua ya 4: Kusoma. Andika ujazo kabla ya kuweka chombo chini. Kwenye mchanga soma kila baada ya sekunde chache, kwenye tifutifu kila nusu dakika, kwenye mfinyanzi kila dakika kadhaa, kwa nusu saa au zaidi.

Hatua ya 5: Hesabu. Gawanya ujazo uliopenya kwa eneo la kisahani, sm² 15.9, upate kina cha maji. Kwenye lahajedwali chora kina hicho dhidi ya kipeuo cha pili cha muda, kisha pitisha mkunjo wa daraja la pili. Kwenye mlinganyo wa mkunjo huo, namba iliyo mbele ya mraba igawanye kwa A, namba ya jedwali ambayo hutegemea aina ya udongo na mfyonzo; jibu ndilo kasi ya udongo kupitisha maji kwenye mfyonzo huo. Kwa mfyonzo wa sm 2, A ni 1.73 kwa mchanga, 6.27 kwa tifutifu na 4.30 kwa mfinyanzi. Tuseme kwenye mchanga, kwa mfyonzo huo wa sm 2, umepata 0.0035: ukigawa kwa 1.73 unapata sm 0.0020 kwa sekunde, kama sm 7.3 kwa saa.

Maswali ya wanachama wa kundi letu (kila mmoja kwa jina la mtaa wake hapa Mombasa)

Kisauni: Mwalimu, shikamoo. Sina chombo hicho. Nikikata mkebe wa rangi pande zote mbili, nikaupigilia ardhini na kumwaga maji, si ni yaleyale?

Marahaba. Hapana, ndugu yangu. Maji yaliyosimama juu ya udongo huingia kila tundu, hata njia za mchwa na mizizi iliyooza. Lakini usiutupe mkebe: ukipima kwa vyote viwili, tofauti yake inakuonyesha vitundu vikubwa vinabeba sehemu gani ya maji.

Changamwe: Nimepata namba hasi. Ardhi yetu ni mfinyanzi, na nilitumia maji ya kisima.

Hasi haina maana ya kimaumbile. Mara nyingi ni muda mfupi mno au mgusano mbaya. Rudia kwa muda mrefu zaidi. Na maji ya kisima yakiwa na chumvi hushikanisha chembe za mfinyanzi, yakapita kwa urahisi kuliko mvua ya masika itakavyopita. Tumia ya mvua, kama swali lako ni la mvua.

Mshomoroni: Kisima kina mita 6. Nigawe 6 kwa hiyo sm 7.3 nijue vijidudu vitafika lini?

Usifanye hivyo, mamangu. Maji hayapiti kwenye udongo mzima, yanapita kwenye sehemu yenye maji tu. Kama unyevu ni asilimia 30, maji yenyewe yanakimbia kama sm 24 kwa saa. Tena hiyo ni kwa mfyonzo wa sm 2 pekee. Udongo mkavu zaidi una kasi ndogo zaidi, na chini ya choo kinachomwagiwa maji kila siku udongo si mkavu.

Likoni: Kwetu udongo ni shibiri mbili, kisha jiwe la matumbawe. Kipimo kinanisaidia nini?

Kinakupa habari ya hizo shibiri mbili tu. Matumbawe yana nyufa na mapango, na maji yakishazifikia nyufa hayachujwi tena. Chimba mtaro mdogo kando, mwagia maji yenye rangi ya chakula juu, utazame rangi inavyoshuka: ikienda kwa mistari badala ya kuenea, usikitegemee kina cha jiwe kama kinga. Chemsha au tibu maji ya kisima hicho, na choo kipya kiinuliwe juu ya ardhi, kiwe na tangi lisilovuja.