Jinsi ya kufunga saiti mira pana kwenye pikipiki, na kuziseti zisikudanganye

Pikipiki nyingi zinazopita Buzuruga, hapa Mwanza, asubuhi saiti mira zake zimekunjwa kwa ndani, ili dereva apenye kati ya hiace na Fuso bila kugonga. Nyingine hazina kabisa. Sababu naielewa. Ukibeba abiria mwenye koti la mvua, au gunia la dagaa kutoka Mwaloni, kioo kifupi kinakuonyesha kiwiko chako na gunia, basi. Mtu anaona heri azitoe. Mimi ni fundi, na ninavyoona dawa si kuzitoa, ni kufunga zenye kioo kinachoona upana. Ila kioo cha aina hiyo kina tabia yake, na usipoijua kitakuponza. Kufunga kwenyewe ni kazi ya muda mfupi. Nitakaa zaidi kwenye kuchagua na kuseti, maana huko ndiko watu wanakoharakisha.

Hatua ya 1: Pima kioo kabla hujatoa hela

Kioo kinachoona upana ni kioo mbinuko, yaani kimevimba kidogo katikati. Kadiri kinavyovimba ndivyo kinavyokusanya eneo kubwa zaidi, na ndivyo kila kitu ndani yake kinavyoonekana kidogo. Macho yakiona gari dogo, akili inasema liko mbali. Hapo ndipo ajali inapoanzia.

Mbinuko unapimwa kwa nusu kipenyo cha duara ambalo kioo hicho ni kipande chake. Kanuni namba 81 ya Umoja wa Mataifa, inayohusu vioo vya pikipiki, inataka nusu kipenyo hicho kiwe kati ya milimita 1,000 na 1,500, na kioo cha duara kisiwe na kipenyo chini ya milimita 94. Kioo kilichopimwa kwa kanuni hiyo huwa kimegongwa herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Itafute kwenye kioo chenyewe au kwenye ganda lake. Saiti mira nyingi za bei nafuu madukani kwetu hazina alama hiyo, kwa hiyo pima mwenyewe.

Chukua rula iliyonyooka na kadi mbili, ya benki na ya NIDA. Unene wa kadi hizi ni takriban milimita 0.76. Laza ubavu wa rula juu ya kioo upite katikati. Kwa kuwa kioo kimevimba, rula itagusa katikati na kuacha upenyo pande zote mbili. Ishike isiegemee upande wowote, upenyo ulingane kushoto na kulia. Sasa hesabu sentimita 5 kutoka katikati, jaribu kupitisha kadi hapo. Kadi moja ikipita na mbili zilizobebana zikagoma, kioo kiko kwenye kiasi kinachofaa. Hata moja ikigoma, kioo kinakaribia kuwa bapa, hakitakuongezea upana wa maana. Mbili zikipita kwa ulaini, kimevimba kupita kiasi, kirudishe kwenye shelfu hata kama muuzaji anakisifia kwamba kinaonyesha mpaka Kisesa.

Kwa nini nasisitiza hivyo? Chukua kioo chenye nusu kipenyo cha milimita 1,200, jicho lako likiwa sentimita 65 kutoka kwenye kioo. Gari lililo mita 10 nyuma yako litaonekana na ukubwa wa gari lililo mita 20 kwenye kioo bapa. Kwa kioo chenye milimita 600, gari lile lile la mita 10 linaonekana kama liko mita 30 na zaidi. Fikiria kosta inayoshuka kwa kasi kutoka Nyegezi, wewe unaiona kama iko mbali, unakata kulia.

Ukimaliza kadi, shika kioo mbali kidogo na uso, kielekeze kwenye nguzo ya umeme iliyo nyuma yako, kisha kizungushe taratibu. Nguzo ipinde kwa ulaini. Ikikatika au ikicheza kama moshi, kioo kimetengenezwa vibaya. Halafu kitikise sikioni. Kikigonga ndani, gololi yake (kiungo cha mviringo kinachogeuza kioo) imeshalegea kabla hujaifunga.

Urefu wa mkono nao uufikirie. Mkono mrefu unatoka nje ya mabega na mzigo, lakini unatetemeka zaidi. Wa kubeba abiria tu, wa kati unatosha. Wa kubeba magunia au makreti achukue mrefu.

Hatua ya 2: Tredi

Tredi ni yale meno ya kuzungusha kwenye shina na kwenye tundu. Hapa ndipo hendeli za watu zinapoharibikia. Saiti mira inaingia kwenye kishikio cha klachi au cha breki, na kishikio hicho mara nyingi ni aluminiamu, wakati shina la saiti mira ni chuma. Ukilazimisha, chuma hakiumii. Kinachoumia ni kishikio, na kishikio ni ghali kuliko kioo.

Pikipiki nyingi zina tundu la milimita 10, na baadhi ya ndogo zina la milimita 8. Usikisie. Toa ya zamani, ilaze sambamba na mpya, meno kwa meno, kisha inua kuelekea kwenye mwanga. Meno yakilalana bila mwanga kupenya, tredi ni moja. Tredi iliyozoeleka kwa saiti mira ya milimita 10 ina hatua (umbali wa jino hadi jino) ya milimita 1.25, maana yake kwenye sentimita moja utahesabu meno 8. Bolti ya kawaida ya namba 10 kutoka duka la vifaa vya ujenzi ina hatua ya 1.5. Inaanza kuingia vizuri, baada ya mizunguko michache inakaba, na mtu anafikiri ni kutu, anaongeza spana. Ameua tredi.

Wenye Yamaha, zikiwemo zile DT na AG zinazotumiwa na watumishi wa vijijini, wasikie hili: saiti mira ya kulia kwa kawaida ina tredi ya kinyume. Inafunguka kwa kuzungusha upande ambao zingine zinafungwa. Imewekwa hivyo makusudi. Kioo cha kulia kikigongwa kutoka mbele kinasukumwa nyuma, kwa mzunguko ambao tredi ya kawaida ungezidi kuikaza mpaka kitu kivunjike. Tredi ya kinyume inaachia, kioo kinazunguka na kubaki kizima.

Tundu na shina zisipolingana, nunua adapta. Zipo za 8 kwenda 10, na zipo za kugeuza tredi ya kinyume kuwa ya kawaida. Usikubali fundi akuzungushie utepe wa bomba kwenye shina la 8 ili libane kwenye tundu la 10. Litakaa mpaka rasta ya kwanza.

Hatua ya 3: Kutoa na kufunga

Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa. Andaa spana namba 14 (baadhi zinataka 13 au 17), brashi ya meno iliyochakaa, dizeli kidogo na grisi. Spana malaya (ile ya kurekebisha mdomo) iache kwenye boksi kama unayo namba halisi, maana inakula kona za nati.

Pandisha juu kiatu cha mpira, legeza nati iliyobana shina, kisha zungusha mkono wote utoke. Ikigoma kwa kutu, pakaa dizeli na uiache ilowe. Pikipiki zinazobeba samaki wabichi zinasumbua zaidi hapa, kwa sababu maji ya barafu na chumvi yanadondokea humo kila siku.

Sugua tundu kwa brashi yenye dizeli, futa, weka grisi kidogo kwenye tredi. Ingiza shina jipya kwa vidole tu. Narudia, kwa vidole. Kwa shina la milimita 10 nataka liingie angalau mizunguko 8 kamili, ndipo chuma kinakuwa kimeshika kwa kina cha sentimita moja. Likigoma kabla ya hapo, lirudishe nyuma na utafute sababu.

Likishaingia vya kutosha, rudisha kwa chini ya mzunguko mmoja mpaka mkono uelekee nje na mbele kidogo. Ushike kwa mkono mmoja usizunguke, kaza nati kwa mkono mwingine. Nati ikigusa kishikio, ongeza robo mzunguko hivi, inatosha. Kwa tredi ya kinyume, nati nayo inakazwa kinyume.

Kabla ya kwenda popote, pinda hendeli mpaka mwisho kushoto, kisha kulia. Angalia kioo kisiguse tanki wala fito za mwamvuli kama unao. Kisha washa injini, rudia kupinda. Mlio ukipanda wenyewe unapopinda, waya wa mafuta umevutwa na shina jipya, upitishe upya.

Hatua ya 4: Kuseti

Sitaki uiseti ukiwa umesimama pembeni ya pikipiki, wala ukiwa umeikalia mwenyewe kama kazi yako ni kubeba watu. Abiria akipanda, shokapu za nyuma zinabonyea, pikipiki inainua pua, na kioo ulichokiseti vizuri kinaanza kuangalia lami. Vaa helmeti yako, mpandishe mtu au pakia mzigo wa kawaida, kaa unavyokaa barabarani.

Mwanza ni mji wa miinuko, kwa hiyo chagua mahali. Ukiseti pikipiki ikiwa kwenye mteremko wa Mabatini, ukifika tambarare kila kitu kimehama. Eneo la wazi kama viwanja vya Furahisha linafaa.

Zungusha kioo, na usizungushe shina. Mwisho wa barabara nyuma yako ukae katikati ya kioo au juu kidogo. Upande wa ndani uone ukingo mwembamba wa bega au kiwiko chako, kiasi cha upana wa kidole, usizidi. Ukingo huo ndio unaokuambia kioo hakijahama. Kioo chote kilichobaki ni cha barabara.

Sasa mwombe mwenzako asimame nyuma yako hatua 10 upande wa kulia, atembee taratibu kuja mbele sambamba na pikipiki. Wewe angalia mbele, tupa jicho kwenye kioo tu. Anapotoweka kwenye kioo, mwambie asimame papo hapo. Kama bila kugeuza kichwa unamwona kwa pembe ya jicho, umeseti vizuri. Kama humwoni kabisa, kuna pengo, na pengo hilo ndipo bajaji inapojificha. Sogeza kioo nje kidogo kidogo mpaka pengo lipungue. Rudia kushoto, lakini kulia ndiko kwa kusumbukia zaidi, maana sisi tunaendesha kushoto na anayekupita anatokea kulia.

Hatua ya 5: Kuzoeza macho

Kijana mmoja niliyemfungia alirudi akaniambia, "Fundi, hivi vioo vinaona vizuri ila vinanidanganya." Nikamjibu, "Havikudanganyi mdogo wangu, vina kipimo chao. Kijifunze."

Mwambie mtu aegeshe bajaji hatua 10 nyuma yako. Iangalie kwenye kioo, kisha geuza kichwa uione kwa macho. Kioo, kichwa, kioo, kichwa. Halafu isogezwe hatua 20, urudie. Fanya hivyo mpaka ukiona ukubwa wa bajaji kwenye kioo ujue iko wapi kweli. Siku za mwanzo, kila unapotaka kukata au kupita mwenzako, kioo kikuambie tu kwamba kuna kitu. Kipo umbali gani, geuza kichwa uone mwenyewe. Mimi naona hata ukishazoea, kichwa kigeuke kabla ya kukata kulia.

Vile vioo vidogo vya duara vya kubandika kwenye kona vina mbinuko mkali mno. Ukisimama kwenye taa vinasaidia kuona kama kuna mtu ubavuni. Ukiwa kwenye mwendo, kwenye pikipiki ya silinda moja, ni ukungu mtupu.

Hatua ya 6: Mtikisiko na matunzo

Baada ya kufunga, chora mstari mmoja kwa rangi ya kucha ukipita kwenye nati na kishikio. Siku ukiona mstari umeachana, nati imezunguka, kaza. Angalia baada ya siku ya kwanza na baada ya wiki ya kwanza, hasa kama unapanda Bugarika kwenye mawe.

Picha ikitetemeka kwenye mwendo fulani tu, ni injini. Chukua kipande cha tyubu, kivishe kwenye mkono wa saiti mira kama soksi, kikibana vizuri kinapunguza mtetemo. Usiweke mpira chini ya nati, maana utalegea. Kioo kikijigeuza chenyewe kwenye upepo, kama ule unaopiga kutoka ziwani ukivuka Daraja la Magufuli pale Kigongo–Busisi, tatizo ni gololi. Nyingi zina skrubu ndogo nyuma ya ganda. Ikaze nusu mzunguko.

Kusafisha, mwaga maji kwanza ndipo upanguse. Vumbi kavu likisuguliwa kwa kitambaa linachora kioo, na wale wadudu wadogo wa ziwani wakikaukia hapo wanahitaji kulowekwa. Ukiona weusi unaingia kutoka kwenye kingo, maji yameshapenya nyuma ya kioo na rangi ya fedha inabanduka. Hakuna dawa ya hapo, badilisha kioo, na adapta zako uzitoe uzitunze kwa zijazo.